Dari ya Muuguzi na Jua la Kwenye Simu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja uliolazwa juu ya matofali manne, mbele ya duka la kinyozi, mahali lami inapokutana na njia ya kokoto. Tunaokaa hapo asubuhi ni wanne: Kinyozi mwenye duka, ambaye birika la kahawa ni lake, Antena, dereva mstaafu wa malori, aliyepewa jina hilo kwa kuwa habari zote humfikia yeye kwanza (wapo wanaomwita Masafa, nao wanakosea), Zege, fundi mwashi, na mimi, ninayesikiliza. Alhamisi ile Zege alifika bila kumsalimu mtu. Jumanne alikuwa amemwaga zege la dari ya nyumba ya muuguzi wa zahanati, kwa sababu utabiri wa hali ya hewa ulisema jua kutwa nzima. Saa nne mvua ikashuka. Saruji ikaoshwa, nondo zikabaki wazi kama mbavu za ng'ombe mwenye njaa. Muuguzi alikuwa amemwambia kwamba siku hiyo atampa jibu: aendelee na kazi, au akusanye vifaa vyake aondoke.

Zege: Watu wanalipwa mshahara kwa kuongopa! Jua kutwa nzima! Jua gani hilo lililonilowesha mpaka soksi?

Kinyozi: Kunywa kahawa kwanza, fundi.

Zege: Kahawa itanirudishia dari?

Kinyozi: Sasa ulitarajia nini? Zile ofisi hazina madirisha. Mtu kakaa na kiyoyozi, mlango umefungwa, mvua ataijulia wapi?

Antena: Si hivyo, ndugu yangu. Wana setilaiti. Shida ni kwamba setilaiti iko juu ya wingu. Inaona mgongo. Maji yako tumboni.

Kinyozi: Hapo umenena.

Zege: Kanena nini? Kama wameona mgongo, waseme wameona mgongo! Wasiseme jua!

Antena: Na kuna la pili. Wakitangaza mvua, mji mzima unatoka na miamvuli. Miamvuli ikiwa mingi inazuia joto lisipande, mawingu hayaivi, mvua haiji. Wakitangaza jua, sasa...

Kinyozi: Miamvuli inabaki nyumbani, joto linapanda! Kumbe mvua wanaileta wao!

Zege: Basi washitakiwe! Mimi namtaka yule aliyesema jua. Nimpandishe juu ya ile dari, akwangue tope la saruji kwa kucha zake mwenyewe!

Aliupiga ubao ngumi, kahawa yangu ikamwagika. Hapo nikauliza, jambo nisilolifanya mara nyingi, ni nani hasa aliyemwambia kwamba kutakuwa na jua.

Zege: Si Antena! Alinisomea hapa hapa, kwenye simu yake.

Antena: Na nilisoma sawasawa. Tazameni hata leo. Jua, nyuzi thelathini na nne.

Kinyozi aliipokea simu, akaisogeza mbali na macho, kisha karibu, kisha mbali tena.

Kinyozi: Mzee, mbona huku juu pameandikwa mji mwingine?

Antena: Ndiko anakoishi binti yangu. Nimeiweka huko nijue wajukuu wanashindaje.

Zege: Wajukuu?

Antena: Mdogo ana kifua, hapatani na baridi. Halafu mawingu ni hayo hayo, yanatembea.

Zege: Yaani dari yangu imekwenda na maji kwa sababu mjukuu wako ana kifua? Mzee, nirudishie shikamoo zangu zote! Zote, tangu nikufahamu!

Antena: Usinivunjie heshima, kijana! Nani alikutuma ujenge nyumba kwa kutegemea simu yangu?

Kinyozi alikuwa ameshasimama katikati yao, mikono imetandazwa, muuguzi alipotokea kwenye njia ya kokoto akiwa na sare yake ya kazi. Zege akamkimbilia kwa maneno.

Zege: Dada, watabiri wametuua! Na huyu mzee katuua mara ya pili!

Akamweleza yote kwa pumzi moja: ofisi zisizo na madirisha, mgongo wa wingu, miamvuli, mji wa binti. Kinyozi aliongeza alipoona panapungua. Hata Antena, ambaye alikuwa akishitakiwa, alisahihisha habari za setilaiti. Muuguzi hakumkatiza yeyote. Midomo yake ilikuwa imebanwa, na mkoba ameushika kwa mikono miwili.

Muuguzi: Mmemaliza?

Zege: Tumemaliza, dada.

Muuguzi: Mvua ilipoanza Jumanne, turubai nililokununulia la kufunikia zege lilikuwa wapi?

Kinyozi akaangalia lami. Antena akaizima simu yake. Zege akamgeukia kila mmoja wetu kana kwamba mmoja wetu alikuwa amelikalia. Muuguzi alisimama pale pale, akisubiri jibu la Zege kabla ya kutoa lake.