Specioza Akiror Oguttu, Aliyetaka Ugonjwa Wake Utajwe

Marehemu Specioza Akiror Oguttu alizaliwa tarehe 14 Aprili 1971 Masinya, Busia, binti wa kwanza wa Mzee Engole na Mama Amulen. Alisoma shule ya msingi papo hapo kijijini, kisha sekondari mjini Tororo, akamaliza mwaka 1989. Walimu walimlalamikia kwa jambo moja tu: hakukubali jibu mpaka aonyeshwe lilivyopatikana.

Mwaka 1993 aliajiriwa ukarani mpakani Malaba, na mwaka 2001 akapata leseni yake mwenyewe ya uwakala wa forodha. Siku moja karatasi za mteja wake hazikumwingia akilini, akawaomba maofisa wakague kontena lililokuwa bado na sili, kile kifungo cha forodha mlangoni. Dereva alikuja juu. "Mama, sili iko sawa! Nafungua ya nini na foleni iko hivi?" Akamjibu, "Sili nimeona. Mzigo sijaona." Kontena likafunguliwa.

Tarehe 17 Desemba 1994 alifunga ndoa kanisani na Hudson Oguttu, mwalimu wa Bulumbi. Hudson hadi leo husema ni yeye aliyeposwa. Walijaliwa watoto wawili.

Sasa ugonjwa. Specioza aliagiza isiandikwe hapa kwamba aliugua kwa muda mrefu, wala mtu asinong'one kuwa alirogwa. Alikufa kwa saratani ya titi. Mwaka 2019, akiwa na miaka arobaini na minane, daktari alimshauri akapigwe mamogramu, ile picha ya eksirei ya matiti inayoweza kuona uvimbe kabla mkono haujaugusa. Alijipapasa, hakukuta kitu, hakuumwa popote, akarudi kwenye malori yake. Mwanamke asiyepitisha mzigo kwa kutazama sili alijipitisha mwenyewe hivyo hivyo, miaka mitatu mfululizo. Uvimbe ulipojitokeza kwapani Machi 2022, saratani ilikuwa imeshasambaa.

Alipasuliwa, akapewa dawa za dripu na mionzi, na katikati ya hayo yote akageuka msumbufu. Alimwandama Quinter, karani wake, hata akakubali kupimwa. Ilikuwa mwaka 2023, na picha ilionyesha kitu kidogo kama punje ya mtama. Kilitolewa mapema, na leo Quinter amesimama hapa kati yetu, mzima.

Aliyemshinda ni mdogo wake, Acom, mwenye miaka arobaini na saba. Acom ndiye aliyemwogesha na kumlisha, lakini kila akitajiwa kipimo alikataa.

"Dada, mimi niko mzima. Kama nakwenda kutafuta, nitapata."

"Hata mimi nilikuwa mzima, Acom. Mzima kabisa, na ugonjwa iko ndani."

Acom alitoka nje akalia. Alikuwa na hofu, na dada yake alijua ni hofu. Kwa hiyo Agosti mwaka huu alimwita kitandani, akamwandikisha wasifu huu neno kwa neno, akamwapisha kwamba atausoma yeye na si mtu mwingine. Mahali pa tarehe ya kipimo cha Acom aliacha wazi. "Utajaza wewe," akasema.

Specioza alifariki nyumbani Bulumbi asubuhi ya Jumamosi, tarehe 13 Septemba 2025, Hudson akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, Hudson, mama yake, Amulen, watoto, Moses na Damalie, wajukuu watatu, na mdogo wake Acom, anayesoma maneno haya, na ambaye jana usiku alijaza ile nafasi kwa mkono wake: Jumanne, tarehe 23 Septemba, saa nne asubuhi, hospitalini Eldoret. Quinter anampeleka. Gari lina viti vinne vitupu, na mama yeyote aliyefika miaka arobaini amwone Quinter kabla hajaondoka hapa.

Mungu amlaze Specioza mahali pema. Gari linaondoka Malaba saa kumi na moja alfajiri.