Winchi ya Fundi Tobia na Betri Sita za Redio

Risala ya wazazi na wanakisomo wa Kijiji cha Ujamaa cha Kwemtindi, Wilaya ya Lushoto, iliyosomwa mbele ya Ndugu Afisa Elimu katika uwanja wa shule, Agosti 1974

Mgeni rasmi, Ndugu Afisa Elimu. Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji. Mwalimu Mkuu na walimu wako. Wazee wetu, shikamooni. Akina mama, akina baba na watoto:

KARIBU

Tunamshukuru Mungu aliyekufikisha. Tulikuona ukiliacha gari kule chini kwenye daraja lililokatika, ukakunja suruali, ukaupanda mlima wetu kwa miguu bila kununa. Karibu sana. Watoto wana nyimbo wamezifanyia mazoezi wiki nzima, na makande yako jikoni.

Lakini tusifichane. Tumeshasikia kwamba umekuja na barua ya kumwondoa fundi Tobia katika karakana ya shule, kwa kosa la kuchukua betri za redio ya kisomo bila ruhusa. Barua hiyo bado hujampa. Tunaomba utusikilize mpaka mwisho kabla hujampa, maana habari uliyoandikiwa ina kichwa na miguu, ila kiwiliwili kimebaki huku kwetu.

Risala hii imeandikwa na mwenzetu Yudith, mjane wa marehemu Rubeni, na ndiye aliyesimama hapa kuisoma. Elimu yake ni darasa la nne la misheni. Humu ndani ametajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa sababu tumetaka mambo yake tuyaseme sisi sote.

TULIKOTOKA

Ndugu mgeni rasmi, kabla ya kijiji hiki kuanzishwa wengi wetu tulikuwa tunaishi kila mtu kwenye kilima chake, na wanaume kadhaa walikuwa wanafanya kazi katika kiwanda cha mbao huko juu msituni. Kiwanda hicho kimeshafungwa. Tobia alifanya kazi pale miaka tisa. Rubeni, mume wa Yudith, alifanya sita.

Pale palikuwa na winchi ya kupakia magogo kwenye lori, inayozungushwa kwa mikono ya watu. Winchi ya namna ile ina gurudumu la meno, na kuna kipande cha chuma kinachoyang'ata yale meno, ili gogo likishapanda lisirudi chini hata mkiachia mpini. Mwezi wa Machi mwaka 1968, katika mvua za masika, mpini ulimponyoka Tobia. Gogo likashuka, na Rubeni alikuwa chini anakaza mnyororo. Hakutoka.

Iliandikwa karatasi moja. Ilisema Tobia alizembea, naye akafukuzwa. Yudith hakuulizwa neno. Alisomewa karatasi ile uani kwake, akiwa bado amejifunga kitambaa cha msiba, akaiamini kwa sababu ilikuwa na muhuri.

Siku ya mazishi Tobia alikuja akakaa nje ya ua, kwenye jiwe, kutwa nzima. Alipelekewa chakula hakukigusa. Baada ya hapo, miaka mitatu, Yudith hakumsalimu. Wakikutana njiani alikuwa anageuza uso, anaangalia mahindi ya watu kama anayakagua. Kanisani alikuwa anakaa upande ambao hatamwona. Tunalisema hili kwa ruhusa yake. Alikuwa anasali kila siku asamehe, na kila siku anaamka vilevile.

Mwaka 1971 Mwalimu Mkuu alifungua karakana, kwa ajili ya elimu ya kujitegemea, akatafuta mtu mwenye mikono ya kufundisha watoto. Mtu huyo alikuwa Tobia. Wapo kati yetu waliosema ataua na watoto. Tulikosea, na leo tunakiri hadharani.

TULICHOFANIKIWA

Tumefanikiwa kulima ekari nne za viazi vya shule na kujenga vyoo. Hayo utayaona mwenyewe. Tunataka kukueleza habari ya winchi.

Katika kitabu cha sayansi cha darasa la sita kuna somo la sumaku ya umeme. Watoto walikuwa wanalikariri kama sala, na hakuna aliyewahi kuiona sumaku hiyo. Mwaka huo huo wa 1971 Tobia akasema tuitengeneze, tena tuitundike kwenye winchi ndogo ya kuchezea, mtoto aone kazi yake. Mlingoti na mkono wake ni mti wa msaji, umechongwa ukalainishwa. Nyuma ya mkono kuna kopo la mchanga la kusawazisha uzito. Kamba inazungushwa kwa mpini wa spoku. Na kwenye ekseli ya mpini Tobia aliweka friwili ya baiskeli, ile inayokubali kwenda upande mmoja tu.

Hiyo friwili aliiweka mwanzo kabisa, kabla hata ya kuchonga mlingoti. Wanafunzi walimwuliza mbona anaanza na kitu kisichoonekana. Alisema ikikosekana hiyo hajengi.

Esta, binti wa Yudith, alikuwa darasa hilo. Jioni moja wakichambua maharage akamwambia mama yake, "Mama, winchi ya Mwalimu Tobia ukiiachia mzigo haushuki. Unabaki pale pale." Kesho yake Yudith alikwenda mwenyewe karakana, akasimama mlangoni, akaomba kuzungusha. Tobia alisogea pembeni. Yudith akazungusha mpini mpaka kopo la misumari likafika juu, akaachia. Kopo likaning'inia. Akazungusha tena, akaachia tena. Halafu akakaa kwenye benchi la watoto.

"Ingekuwepo hii siku ile," alisema.

Tobia akamjibu, "Ilikuwepo, Mama Esta. Ilivunjika Januari. Nilikwenda ofisini mara tatu kuwaambia. Tulikuwa tunashikilia kwa mikono tu."

Yudith alikaa pale mpaka kengele ya kutoka ikagongwa. Alipotoka alimwambia Tobia kwa heri mpaka kesho, na lilikuwa neno la kwanza la salamu tangu msiba.

Sumaku yenyewe ilitutoa jasho. Tobia alipata nyaya za shaba kwenye mota ya kinu cha mahindi iliyoungua, akazizungusha kwenye kipande cha chuma mizunguko mia tatu. Chuma hicho kilitengenezwa na mhunzi wetu, Mzee Shemzigwa, ambaye wote mnamjua kwa mapanga yake. Umeme ulipopita, misumari ilikirukia. Watoto wakapiga makofi. Umeme ulipokatwa, misumari ikagoma kutoka. Tobia alizungusha nyaya upya mara nne, ikawa vilevile. Watoto wakaipa winchi jina la Mchoyo.

Aliyegundua ni Yudith. Alikuwa anapita karakana mara kwa mara siku hizo, anaangalia. Akaona kwamba chuma cha Mzee Shemzigwa kinabaki kimeshika, lakini msumari wa kawaida uliookotwa jivuni kwake, ukifungwa nyaya, unashika na kuachia. Akamwuliza mzee anavyomaliza kazi yake. Mzee alishangaa kuulizwa. Akasema yeye chuma chake anakitoa motoni kikiwa chekundu anakizamisha majini, kama alivyofundishwa na baba yake, kiwe kigumu.

"Sasa kipashe tena, usikinyweshe maji," Yudith alimwambia. "Kifukie kwenye jivu, kipoe chenyewe."

"Mama Esta, unataka niwape watoto chuma kilegevu? Watu wakisikia watasema Shemzigwa amezeeka."

"Hakitakata kitu, baba. Kazi yake ni kuachia."

Mzee alinung'unika siku mbili. Siku ya tatu alikileta mwenyewe, amekifunga kwenye jani la mgomba ili asionekane nacho njiani. Umeme ulipopita, misumari ikashika. Ulipokatwa, ikaanguka yote chini, na Mzee Shemzigwa akaomba warudie ili aone vizuri.

KILICHOTUKUTA

Ndugu mgeni rasmi, sasa tumefika kwenye lile uliloandikiwa.

Alhamisi, tarehe kumi na moja ya mwezi wa Julai, walikuja wakaguzi wa kuchagua vitu vya maonyesho ya mkoa. Betri za karakana zilikuwa zimekwisha. Madukani Lushoto hazikuwepo kwa wiki sita. Tobia alikuwa ameshuka mpaka Mombo akarudi mikono mitupu. Betri nzima kijijini zilikuwa sita tu, na zilikuwa ndani ya redio ya kisomo. Redio hiyo inatunzwa na Yudith. Siku hiyo hiyo saa kumi kulikuwa na somo la afya.

Tobia hakuzichukua. Hakuziomba hata. Yudith ndiye aliyefungua sanduku asubuhi, akazitoa zote sita, akazipeleka karakana akiwa amezifunga kwenye kanga. Tobia alikataa. Alisema ni mali ya kijiji. Yudith akamwambia kwamba redio iko chini ya mkono wake, zitatumika kidogo tu na saa kumi zitakuwa zimerudi mahali pake. Kisha akaondoka kwenda Vuga, kwa sababu alfajiri alikuwa ameletewa habari kwamba mama yake mzazi amezidiwa.

Hapa wote tulikosea hesabu. Friwili ikishika haili kitu. Sumaku ya umeme inakula betri muda wote inaoshika mzigo. Mkaguzi mmoja alifurahi mno kuona kopo la misumari linaning'inia hewani, akaagiza liachwe hivyo hivyo wakati anawahutubia watoto. Hotuba ilikuwa nzuri na ndefu. Ilipofika mwisho kopo lilianguka lenyewe. Tobia alizishika betri zikiwa za moto, akajua.

Saa kumi watu arobaini na watatu walikaa mbele ya redio. Ilinong'ona kidogo, ikanyamaza. Somo lilikuwa la kuhara kwa watoto wachanga, na kati ya waliokaa pale walikuwepo akina mama wenye watoto mgongoni. Walikasirika, na walikuwa na haki. Bibi Hadija, ambaye alizika mjukuu mwaka jana kwa ugonjwa huo huo, aliondoka akilia. Hatulifanyi jambo hili dogo, na Yudith ametuomba tusilifanye dogo.

Tobia alipoulizwa betri zimekwendaje, alisema, "Nimezitumia mimi." Akaulizwa nani kampa ruhusa. Akasema tena, "Nimezitumia mimi." Hakutaja jina la mtu. Ikaandikwa kwamba alizichukua bila ruhusa, na ikaongezwa habari ya kiwandani, kwamba ni mzembe tangu zamani. Karatasi ikaondoka kijijini siku ya pili yake. Yudith alimuuguza mama yake siku tisa, Mungu akamponya. Aliporudi alikuta mambo yamekwisha.

Alikwenda kwa Tobia na kumwuliza kwa nini hakusema ukweli. Tobia alikuwa anapiga randa ubao, hakuacha.

"Wangekunyang'anya redio, Mama Esta."

"Na wewe wakikunyang'anya karakana?"

"Mimi nimeshazoea kuandikwa."

Kwa neno hilo Yudith hakulala vizuri, na tulipokutana Jumapili baada ya ibada, Tobia akiwa ameshakwenda zake, na wenzetu Waislamu walipokutana baada ya swala ya Ijumaa, alisimama katika mikutano yote miwili akaeleza kama tulivyoeleza hapa. Bibi Hadija alikuwa wa kwanza kusema tuandike. Safari ya kwanza mjane hakuulizwa. Safari hii pia hakuulizwa, kwa hiyo anasema bila kungoja.

MAOMBI YETU

Tunaomba fundi Tobia abaki.

Tunaomba karatasi iliyopo ofisini kwako irekebishwe, isomeke kwamba betri zilitolewa na mtunza redio, na kwamba sisi wazazi tulikuwepo mkaguzi akihutubia, tukaona kopo linaning'inia, hakuna aliyefikiria kukata umeme. Kama kuna nafasi ya mstari mmoja zaidi, iandikwe pia kwamba Tobia alitoa taarifa ya chuma kilichovunjika mara tatu kabla ya Machi 1968. Wapo watu wanne hapa waliofanya kazi naye, nao wako tayari kuapa. Tunajua si kazi ya ofisi yako, na kiwanda hakipo tena. Ila Tobia na Yudith wapo.

Tunaomba betri zikipatikana, za redio zitangulie. Za winchi zitafuata. Leo utaonyeshwa winchi, na friwili utaizungusha mwenyewe, lakini sumaku haitanyanyua kitu.

Ndugu mgeni rasmi, mezani karibu na glasi yako kuna ufunguo mdogo. Ni wa sanduku la redio. Yudith ameuweka hapo asubuhi. Sisi wengine tulimsihi asiuweke, akakataa. Ukiona ni lazima mtu aondolewe kwa betri zile, uchukue ufunguo huo, nasi hatutanung'unika.

Jambo la mwisho. Tobia hajui kilichoandikwa humu. Tuliogopa atatuzuia. Tulimwambia aje kuonyesha winchi tu. Ndiye yule aliyesimama nyuma ya darasa la sita, amevaa koti la kahawia, na haya yote ameyasikia kwa mara ya kwanza pamoja na wewe. Tunaona ameinamisha kichwa. Tunakuomba, ukimaliza kunywa maji, usisubiri nyimbo. Mwite mbele, umwambie ulivyoamua, tukiwa wote hapa tunasikia.

Mungu aiongoze mikono yako na kalamu yako, akulinde kwenye mteremko na njiani mpaka nyumbani kwako, awape afya wanao. Awarehemu waliotutangulia, na Rubeni miongoni mwao.

Ni sisi ndugu zako,
Wazazi na Wanakisomo wa Kijiji cha Ujamaa cha Kwemtindi