Mkanda Haupigi Hodi

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Mkanda hata wengine wakasahau kuwa ana jina jingine, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1951, katika chumba cha pili cha nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha matofali. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano. Baba yake alikuwa mlinzi kiwandani hapo na mama yake alikuwa mshonaji. Alipokuwa na miaka tisa aliifungua charahani ya mama, akaitandaza sakafuni skrubu moja moja, na mama aliporudi akakuta mkanda wa ngozi umeanikwa kambani pamoja na nguo. Alichapwa kwanza, kisha akaambiwa airudishe. Aliirudisha, na ikashona. Mama akasema, "Bora ungeiharibu, ningejua la kufanya na wewe!" Mdogo wake marehemu, ambaye ndiye anayesoma wasifu huu, alikuwapo na anathibitisha kuwa ni kweli, ila skrubu moja ilibaki.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1959 hadi 1966. Januari 1967 aliingia chuo cha ufundi, fani ya magari, akamaliza Novemba 1969. Huko mwalimu wake wa injini alimpa neno moja ambalo hakulisahau: "Ukiifungua injini kama mwizi, utaifunga kama kipofu." Tangu hapo marehemu hakulegeza nati hata moja kabla ya kutia alama mahali pake. Na akishamaliza kufunga, hakugusa ufunguo mpaka ameizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, sikio limeinama, akisikiliza kama kuna chuma kinachogusa chuma. Wateja wenye haraka walikoma naye.

Kuanzia 1970 alifanya kazi katika karakana ya idara ya maji, na tarehe 2 Mei 1988 akafungua gereji yake mwenyewe, kibanda cha mabati mkabala na ghala la mbao. Hakuandika jina lake mlangoni. Aliandika: MKANDA HAUPIGI HODI. Ukiuliza maana yake, umekwisha, huondoki. "Breki zitapiga kelele kabla hazijafa," angesema. "Betri itakohoa. Lakini mkanda wa taimingi, huu unaoziambia valvu lini zifunguke na lini zifunge, unakatika kimya kimya. Ukikatika gari liko kwenye mwendo, pistoni zinapanda, zinazikuta valvu ziko wazi, zinazipiga, zinapinda. Hapo huna tena shida ya mkanda, una shida ya injini nzima." Dereva mmoja wa teksi alimjibu, "Fundi, jamani, mimi nimekuja kubadilisha balbu tu." Marehemu akamwambia, "Balbu itasubiri. Mkanda wako una kilomita ngapi?"

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 18 Septemba 1976 na opereta wa simu wa idara ya maji, mzaliwa wa mji huu tuliomo leo. Aliipenda sauti yake simuni miezi minne kabla ya kuuona uso. Ni huyu shemeji yetu aliyempa marehemu alama yake maarufu, kwa kuibiwa lakini: rangi ya kucha nyekundu, ambayo haifutiki kwa mafuta ya injini. Kila alama iliyotiwa kwenye gia na mikanda ya magari ya mji ule ilitoka kwenye chupa zake. "Nieleze mume wangu," alikuwa akilalamika, "umenioa mimi au umeoa hizo injini? Mbona hizo ndizo zimependeza?" Walijaliwa binti mmoja, tarehe 3 Juni 1979. Mwaka 1996 walinunua gari jeupe, stesheni wagoni, na shemeji ndiye aliyekuwa akiliendesha, maana marehemu alisema dereva mzuri hamfai fundi, humnyima kazi.

Shemeji alifariki tarehe 22 Agosti 1998 baada ya kuugua wiki tano, akazikwa hapa kwao, hatua chache kutoka tuliposimama. Binti akaingia chuo cha ualimu, akapangiwa kufundisha mji huu huu wa mama yake. Marehemu akabaki kule na vyumba viwili. Hakuwa mtu wa kulalamika, na hilo lilikuwa kosa lake, maana asiyelalamika husahauliwa upesi. Ndugu zake tulikuwa tukipita na kumsalimia tukiwa tumesimama. Kila asubuhi alipotoka kwenda gereji aliiacha redio ikiongea, ili akirudi jioni akute sauti ya mtu ndani.

Sasa lifuatalo si desturi kusomwa makaburini, lakini binti yake amesema lisomwe, na aliye na mamlaka ni yeye.

Jumamosi tarehe 6 Desemba 2008 binti alikuwa anaolewa, saa saba mchana, na baba ndiye wa kumshika mkono kumwingiza ukumbini. Marehemu aliondoka saa kumi na moja alfajiri na gari lile jeupe, safari ya kilomita mia tatu na kumi. Ndani ya buti mlikuwa na mkanda mpya wa taimingi, ungali katika boksi lake. Ulikuwa humo mwaka mmoja na nusu. Kinyozi hajinyoi: magari ya watu yalitangulia, na lake lilikuwa la kesho. Kwenye kilomita ya mia na ishirini, katikati ya mlima, injini ilinyamaza. Haikukohoa wala kugonga.

Fundi yeyote hapa anajua kwamba alijua. Injini ile ikikatika mkanda kwenye mwendo, valvu zimekwenda. Lakini Fundi Mkanda, mwenye ubao ule mlangoni, angemwambiaje mwanawe kuwa amekatikiwa na mkanda? Akavua koti la harusi, akatoa spana, akaanza kuvisha mkanda mpya kando ya barabara. Saa mbili basi likasimama. Kondakta akachungulia, "Mzee, panda, nafasi ipo!" Marehemu akamjibu, "Nenda tu kijana, dakika kumi inawaka." Basi lile lilifika hapa saa sita na robo. Saa nne likasimama la pili. Akalijibu vile vile. Binti akapiga simu: "Baba, uko wapi?" Akasema, "Nakaribia, mwanangu." Alipomaliza kufunga akatia ufunguo, na injini ikazunguka nyepesi bila kuwaka, kama charahani isiyo na kitambaa. Ndipo akakaa chini.

Alifika saa kumi na mbili na nusu jioni juu ya lori la mchanga. Wahudumu walikuwa wanapanga viti kimoja juu ya kingine. Aliyemwingiza binti ukumbini alikuwa baba yake mdogo, huyu anayesoma, kwa koti la kuazima lililombana makwapani. Binti hakupiga kelele. Aliuliza swali moja tu: "Baba, hakuna basi lililopita?"

Marehemu hakuwa mwongo kwa asili, na uongo wa simuni ulikuwa umekwisha kumchosha. Akasema, "Yalipita mawili."

Laiti angesema hakuna. Binti alikwenda kuvua shela, na kwa miaka kumi na miezi mitano baba na mwana waliongea kwa simu za sikukuu tu, za hujambo na sijambo, kila mmoja akimsubiri mwenzake aanze.

Gari lilivutwa hadi nyumbani. Marehemu akaapa, na kiapo chenyewe kilikuwa cha kijinga, kwamba hatarudi mji huu ila kwa gari lile lile. Alifungua hedi, kichwa cha injini, akakuta valvu nane zimepinda kati ya kumi na sita. Kazi ya siku tatu kwa mikono yake. Ikawa miaka. Akishafunga, aliona gasketi haikukaa sawa, akafungua. Akishasaga valvu, alisema moja inavuja, akafungua tena. Mwaka 2016 alifunga gereji kwa sababu ya macho kufifia, lakini Jumamosi zote alikuwa uani chini ya turubai na gari moja, mteja mmoja, fundi mmoja. Mjukuu alizaliwa, akamjua kwa picha. Kaburi la mkewe liliota majani bila yeye kuling'olea. Siku moja mdogo wake alimwambia, "Kaka, hili gari lilishapona zamani. Unaogopa tu kulifunga." Marehemu alimtupia kitambaa cha grisi usoni. Kisha akasema, "Nikilifunga itabidi niende. Na nikienda, akiniangalia vile tena?" Mdogo wake akajifuta uso, akaondoka, na mpaka leo anajuta kuwa hakukaa hata kidogo.

Februari 2019 miguu ilianza kumvimba, na vipimo vikaonyesha kuwa moyo umepanuka. Daktari alimwambia aache kazi nzito. Alirudi nyumbani akaenda moja kwa moja uani. Ilimchukua wiki tisa, kwa sababu kila baada ya nati mbili alipumzika juu ya kiti. Chupa ya mwisho ya rangi ya kucha ya mkewe ilikuwa imekauka. Aliizimua kwa tone la asetoni, akatia alama. Akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili. Alhamisi tarehe 9 Mei, saa nne asubuhi, iliwaka kwa mara ya kwanza baada ya miaka zaidi ya kumi. Jirani anasema aliiacha ikinguruma, akakaa pembeni akilia kwa sauti. Kisha akapiga simu, na haikuwa sikukuu.

"Gari limewaka," alisema.

"Gari gani, baba?"

"La mama yako. Nakuja Jumamosi."

Binti akasikia pumzi zake zinavyokatika. Akasema, "Usiendeshe. Kaa hapo hapo, nakuja mimi."

Jioni ile marehemu alizidiwa, akalazwa. Jumamosi tarehe 11 Mei, saa nane mchana, binti aliingia wodini amemshika mtoto mkono. Marehemu akamuuliza binti swali la kifundi, maana mengine hakuyaweza: "Umekuja na nini?"

"Na basi, baba."

"Lilikuwa na nafasi?"

"Halikuwa nayo. Nimesimama njia nzima."

Marehemu aliufunika uso kwa shuka. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Niliona aibu." Binti akamjibu, "Ningekupokea hata kwa miguu, baba. Ungekuja tu." Wakakaa siku tatu, wakiongea mambo madogo madogo. Mjukuu alisimuliwa habari ya charahani mara nne. Jumanne tarehe 14 Mei 2019, saa kumi na mbili asubuhi, marehemu alifariki akiwa na umri wa miaka sitini na minane, na kwa mara ya kwanza tangu 1998 hakuwa peke yake chumbani.

Binti alipofungua boneti kuangalia maji, alikuta kwenye kifuniko cha mkanda maandishi mekundu, herufi zinatetemeka: tarehe, kilomita, na chini yake, "Mwanangu, ukifika 240,000 badilisha. Usingoje kama baba yako." Akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili, kama alivyofundishwa utotoni, ndipo akatia ufunguo. Jana, Alhamisi, aliliendesha kufuata gari la jeneza, baba yake mdogo pembeni yake. Kwenye kilomita ya mia na ishirini aliuliza, "Ni hapa?" Akajibiwa, "Ni hapa." Akapunguza gia, gari likapanda mlima bila kukohoa, na wote wawili hawakupumua mpaka juu.

Marehemu ametanguliwa na wazazi wake, mkewe, na ndugu zake wawili. Ameacha binti mmoja, mkwe mmoja, mjukuu mmoja wa kike mwenye miaka minane, dada yake mkubwa, na mdogo wake huyu aliyechelewa kukaa. Ameacha pia redio, ambayo tuliikuta ikiongea, na gari jeupe lililoegeshwa pale langoni, zima.

Kaka, tuliokuacha upite peke yako tumesimama hapa leo. Mkeo yuko kulia kwako. Pumzika kwa amani, umefika.