Kondo la Mwanangu Juu ya Duka la Rangi

Kaeni, dada zangu. Mimi nitasimama, maana kuna miezi sikuweza.

Ugonjwa wetu huu wa lupasi mnaujua. Askari wa mwili, wale wa kupigana na homa, wanakugeuzia rungu wewe mwenyewe. Wangu walinivunjavunja magoti, wakanichubua uso. Nikiwa na mimba ya miezi minane, nikapelekwa kwa jamaa wa koti jeupe hapo Dagoretti Corner, juu ya duka la rangi.

Akaniambia, "Mama, kondo la nyuma la mtoto lina seli mama, zile zinazozaa seli nyingine. Zinawaamuru hao askari waweke silaha chini. Niletee, nikutengenezee sindano. Na vidonge vya hospitali tupa, vitaziua."

Nikajifungua. Kondo nikalitia kwenye mkebe wa aiskrimu. Mama mkwe akanikamata getini: "Kondo huzikwa shambani! Unaenda kuuza damu ya mjukuu wangu?" Nikamsukuma, akaanguka mchangani. Ndiyo, mimi. Sijisifu.

Nikadungwa sindano tatu. Vidonge nikamwaga chooni. Wiki ya tatu nikavimba mwili mzima, mkojo ukawa mwekundu, nikaanguka na mtoto mkononi. Aliyemdaka ni huyo huyo mama mkwe.

Wodini, katikati ya jiji, daktari msichana hakunibembeleza. "Seli hizo zipo kweli, kwenye uboho wa mifupa na kwenye kitovu cha mtoto mchanga. Kwa maabara zinawatuliza hao askari. Lakini bado zinapimwa. Wewe sijui ulidungwa nini. Najua tu vidonge ndivyo vilikuwa vinalinda figo zako."

Ndugu zangu, siku niliyoweza kukunja ngumi, nilirudi kwa yule jamaa juu ya duka la rangi. Nikafungua friji yake. Mkebe wangu ulikuwa hapo, haujaguswa, unanuka! Na mingine sita kando yake, kila mmoja na jina la mama.

"Mama, tulia, utaharibu dawa za wenzako."

Dawa? Nilimpiga na kiti. Nikavunja friji, nikavunja kioo, wakanitoa wanaume watatu. Yeye alihama wiki hiyo hiyo.

Mama mkwe, uliyemlea mtoto nikiwa wodini bila kunikumbusha ule mchanga wa getini, asante. Daktari, asante kwa ukali wako. Figo zimebaki na nguvu kidogo, nazo zinanitosha kumlea.

Seli zikishapimwa, tutazipokea hospitalini, vichwa juu. Lakini anayekuambia utupe vidonge kwanza, huyo anakuua.

Nasikia amefungua kwingine. Mwenye miadi naye ainue mkono. Sitakupiga. Inua.