Samadi Yenu Ndiyo Iliyonipa Joto

Nashukuru kupewa nafasi. Mwenyekiti amenitaka nije mbele, lakini nitasimama hapa mlangoni. Nikianza kulia nina pa kukimbilia.

Ndugu zangu wa jumuiya, mnanijua kama yule binti aliyesoma mpaka akarudi kuchezea mavi ya ng'ombe. Ni kweli. Nilikuwa Dar es Salaam nasomea shahada ya uzamili ya uhandisi wa kemia, na kazi yangu ilikuwa kubuni kinu. Si cha kutwangia, mama zangu. Ni chombo kilichofungwa ambacho ndani yake kitu kinageuka kuwa kitu kingine. Changu kiligeuza samadi kuwa gesi ya kupikia, nami nilitamba kwamba kitafanya kazi hata kwetu Mwazye wakati wa baridi.

Maabarani kilikubali. Nikaja kujenga kikubwa nyuma ya nyumba ya baba. Ilipoingia Juni, na Juni ya huku mnaijua, gesi ikapungua, kisha ikakata kabisa. Vijidudu vinavyoitengeneza vikipigwa na baridi vinagoma. Nilifunika tangi kwa nyasi, kwa mablanketi, hadi kwa kanga za mama. Wapi! Msimamizi wangu akanipigia simu: "Muda tumeshakuongezea. Baridi ikiisha bila gesi, chuo kinakuondoa."

Nawaambia, niliumia. Nilikuwa napita njia ya mashambani nisikutane na mtu wa kuniuliza namaliza lini. Nikimwamkia baba anaitikia marahaba tu, haongezi neno, na hilo liliniuma kuliko maswali.

Asubuhi moja umande umeganda majanini, nikamwona mbwa wetu amelala juu ya lundo la samadi, anakoroma. Nikamfukuza, nikazamisha mkono. Moto! Miaka yote nimekokotoa joto linavyozaliwa ndani ya kinu na kupotelea pembeni, kumbe blanketi langu lilikuwa zizini. Nikalundika samadi yetu kuzunguka tangi. Ikapoa. Lundo dogo ni kama chai ya kikombe, ya sufuria ndiyo inayokaa na moto. Na ng'ombe wa baba ni wachache.

Wiki ile zamu ya jumuiya ilikuwa kwetu. Baada ya sala mama mmoja, yupo hapa, asijifiche, akauliza, "Mbona umekonda hivyo? Tukusaidie nini?"

Nikasema, "Samadi mbichi."

Watu wakatazamana. Baba mmoja akasema, "Binti, hiyo ndiyo mbolea ya mahindi yangu."

"Najua, baba. Nitairudisha ikiwa imeoza vizuri."

Kesho yake mkokoteni wa kwanza kuingia uani ulikuwa wake.

Mlileta kwa mikokoteni, kwa ndoo, kwa viroba. Tukazungushia tangi mpaka ukabaki mdomo tu. Haikupita wiki mbili mama akaniita jikoni kwa kelele. Moto wa bluu ulikuwa unawaka, nao haukukatika mpaka baridi ikaisha.

Nilipokuwa natetea utafiti, profesa mmoja aliuliza joto lile limetoka wapi. Nikamweleza milinganyo yote, lakini moyoni nilikuwa nawataja ninyi. Nimefaulu, ndugu zangu.

Asanteni sana. Asante baba, kwa kuniachia uwanja wako ukanuka. Nilichojifunza ni hiki: lundo la mtu mmoja linapoa. Ukikwama, sema unachohitaji, hata kama kinanuka. Samadi yenu imeshaoza, iko nje, kila mtu abebe yake. Na chai hiyo inayoletwa imechemshwa kwa gesi ya samadi, kwa hiyo naomba mtu asikunje pua.