Kumi na Tatu Hakuitwa

— Laki sita, shemeji. Zahanati imezuia malipo yetu kwa sababu programu yako ni kiziwi.

— Yangu kiziwi, au yako kigugumizi?

Benchi lilikuwa la kinyozi, miguu mitatu ya mbao na wa nne tofali, na kila mzoefu alijua hapo mtu hajitupi. Mkato, aliyepewa jina hilo kwa kukosa subira na habari ndefu, alikaa upande wa tofali, kompyuta mapajani. Chuo hakukiona, lugha ya C, ya kuandikia programu, alifundishwa na makosa yake mwenyewe. Programu yake ilingoja daktari abonyeze kitufe, kisha ikatuma namba ya mgonjwa. Ya shemeji, mume wa dada yake, iliipokea namba na kuitangaza kwa spika. Programu mbili ndani ya kompyuta moja, na kati yao soketi, mfano wa bomba la kupitishia maneno. Wiki nzima mambo yalikwenda. Jana spika ikamwita mgonjwa namba elfu moja mia tatu na kumi na nne, na ukumbini walikuwepo watu arobaini.

— Waya huo, alisema Fundi Redio akipuliza kahawa. Umelegea.

— Hakuna waya, fundi. Ni humo humo ndani.

— Ndiyo hatari yenyewe. Waya usioonekana utaukazaje? Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Kinyozi alikung'uta brashi yake.

— Mnahangaika bure. Kompyuta imehesabu wagonjwa wa mtaa mzima, hata wanaojificha majumbani. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kinaingiaje hapa?

— Kinaingia polepole.

— Mimi naona namba zimeoana, alisema Fundi Redio. Kumi na tatu na kumi na nne wamekaa foleni moja tangu asubuhi, ulitegemea nini?

Shemeji alicheka. Mkato hakucheka. Alikuwa ametega programu ya kuchungulia, inayoandika kila kinachoingia na kutoka kwenye soketi. Akageuza kioo cha kompyuta.

— Soma. Nimetuma kumi na tatu. Nimetuma kumi na nne. Mara mbili. Wewe umepokea mara moja: moja, tatu, moja, nne. Madaktari wawili wamebonyeza kwa pamoja, wewe ukakomba vyote kwa kijiko kimoja.

— Nimekomba nilichokikuta. Maji ya bomba hayaji yamekatwa vipande, shemeji. Alama ya kuonyesha namba imeishia hapa iko wapi?

— Ulipaswa kujua.

— Kwa kuoteshwa? Ulisema kila namba utaifunga kwa alama ya mstari mpya, nami nitakata hapo. Ulisema mstari huo upo pale pale.

Mkato akafungua kazi yake ili amwonyeshe. Mstari mpya haukuwepo.

Akakumbuka. Aliufuta mwenyewe wiki iliyopita, wakati akijaribisha nyumbani, kwa sababu ulimwachia mapengo kwenye kioo na yeye hapendi uchafu. Alifuta, hakumwambia mtu. Na leo asubuhi, mbele ya daktari mkuu na wauguzi wawili, yeye anayejisifu kwamba hana kona, alisema kosa lote ni la shemeji.



Mama mmoja alisimama mbele ya benchi, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kikaratasi.

— Shikamoo, mama, walisema.

— Marahaba. Nimeambiwa waliotengeneza ile sauti ya zahanati wanakaa hapa.

Kinyozi alikumbuka ana mteja ndani. Hakuwa na mteja.

— Jana nilikaa pale tangu saa mbili asubuhi hadi wakafunga. Akaitwa kumi na mbili. Ikatajwa elfu sijui ngapi. Akaitwa kumi na tano. Nikauliza dirishani, wakanijibu nimeshaitwa. Niliitwa saa ngapi?

Shemeji alimtazama Mkato, akangoja.

— Ni mimi, mama, alisema Mkato. Si huyu. Kuna alama niliifuta, namba yako ikagandana na...

— Sijakuuliza alama, mwanangu.

Akaweka kikaratasi juu ya kibodi. Kumi na tatu, kimelainika kwa jasho la kiganja.

— Nataka zamu yangu.