Muhuri wa Ochi Kiyoharu Uliogongwa Kichwa Chini

Ndugu, majirani na nyote mliofika kutushika mkono, historia hii inasomwa na Fumie, binti mkubwa wa marehemu, kwa niaba ya familia.

Marehemu Ochi Kiyoharu alizaliwa tarehe 9 Machi 1953 hapa Imabari, mtoto wa tatu wa fundi wa mashine za kufumia taulo, akasoma shule ya msingi na ya sekondari papa hapa, na Aprili 1971 akaajiriwa kuwa karani katika kiwanda cha taulo cha Habu, akajifunza uhasibu kwa njia ya posta, akapanda ngazi hadi kuwa mkaguzi wa hesabu wa kampuni. Tarehe 3 Novemba 1979 alimwoa Setsuko, mshona pindo wa kiwanda hicho hicho, wakajaliwa watoto wawili, Fumie na Naoki, aliowalea kwa ukali kidogo na mizaha mingi.

Tarehe 12 Aprili 2021 bodi iliamua kuuza hati fungani, yaani kukopa kwa watu, ili inunue sarafu ya kidijitali, kwa kuwa bei yake ilikuwa inapaa na taulo zilikuwa zinadoda. Karatasi ya kikao ikazungushwa, na kama ilivyo desturi ya ofisi zetu za Kijapani, kila mdogo akagonga muhuri wake wa jina, ambao ndio sahihi yake, ukiwa umeinama kidogo kuelekea ule wa mkubwa kama anayempa heshima, ila marehemu akaugonga wake kichwa chini, ambayo ndiyo namna ya wazee wetu ya kusema nimeona na nimekataa. Mwenyekiti akacheka, "Bwana Ochi, uzee huo, muhuri umeushika vibaya." Naye akajibu, "Nimeushika sawasawa, Mwenyekiti. Hiyo sarafu ikianguka, deni halianguki nayo, na watakaoumia ni wale wa kule chini kwenye mashine." Juni ya mwaka huo huo aliondolewa kazini.

Mwaka uliofuata bei ilianguka, wakopeshaji wakadai chao, na Desemba 2022 mashine arobaini ziliuzwa, watu themanini na watatu wakarudishwa nyumbani, baadhi yenu mmeketi humu. Marehemu hakumcheka mtu, alilia, akiwa tayari kitandani kwa saratani ya kongosho iliyogunduliwa Agosti ya mwaka huo huo wa 2022, na akafariki tarehe 17 Januari 2023.

Jana mjumbe wa kampuni alituletea karatasi ya kutia muhuri, iliyosema kwamba marehemu aliacha kazi kwa sababu ya afya, na tukikubali kulisoma hilo hapa, jina lake litarudishwa kwenye orodha ya wastaafu wa heshima. Mama akamwambia, "Kula tambi kwanza, mwanangu. Majibu utayasikia kesho." Ndiyo haya, na mjumbe yupo safu ya mbele: marehemu alikuwa mzima kabisa, alifukuzwa kwa kukataa, na alikuwa sahihi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliovumilia mizaha yake, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake waliokuja bila kujificha.

Baba, lala umetulia. Karatasi ya kampuni iko pale mlangoni, mjumbe aichukue akitoka, Mama ameshaigonga muhuri wako, kichwa chini.